Wazee Wetu Wako Tayari Kuyapiga Msasa Mabomu Yenu

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza,
Kupitia kambi ya Nyati, Nanyuki.

KUH: MAOMBI YA KAZI

Mheshimiwa,

Huku kwetu Isiolo kijana akitafuta kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati ya wazee: baba yako nani, babu yako alizikwa wapi, chifu anakujua? Februari 2025 Rais Ruto akaufuta msasa huo, na wazee wetu, mabingwa wa kumshuku mtu aliyezaliwa papa hapa, wakabaki bila shughuli. Tunawaombea kazi kwenu.

Shida yenu tunaielewa. Ukivuka Ewaso Nyiro unaingia Archers Post, mji uliobaki na jina la ofisa wa kikoloni, ambako wanajeshi wenu hufanya mazoezi ya kulenga shabaha. Mabomu yasiyolipuka yalibaki malishoni, na watoto wachungaji wakayaokota. Waathiriwa wa huko na wa Dol Dol, mlikofanyia mazoezi pia, walipodai fidia, mkasema jeshi la Kenya nalo hufyatua hapo hapo, basi nani ajue bomu ni la nani? Mwaka 2002 mlilipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228, ila suala la ukoo wa mabomu likabaki wazi. Wazee watalimaliza asubuhi moja. Bomu litataja kwao, na lilipitia mpaka gani bila karatasi.

Akina mama wa Samburu, wakiwemo walioanzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990, hatuwaleti. Walipodai kubakwa na wanajeshi wenu, polisi wenu wa kijeshi waliwachuja kuanzia 2003 hadi 2006, wakasema rekodi zimeghushiwa, asishtakiwe mtu. Umahiri huo hata wazee wetu hawana. Wao hawajawahi kupewa nafasi ya kuwachunguza watoto wao wenyewe, kama walivyopewa polisi wenu.

Wanaotaka mfungashe virago tumewaomba wasubiri kidogo, ingawa jamaa wa Agnes Wanjiru, mwanamke aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012 na mwanajeshi wenu akashukiwa, wanatuuliza kidogo hiyo ni miaka mingapi.

Kikwazo ni kimoja. Ripoti ya kamati ya ulinzi ya Bunge la Taifa, iliyotukusanyia malalamiko, inasema BATUK, kikosi chenu cha mafunzo huku Kenya, kilikataa kufika mbele yake. Wazee hawampigi msasa asiyehudhuria. Kamanda aje mwenyewe, pamoja na mashahidi wawili wanaojua babu yake alizikwa wapi. Chai ni juu yetu.

Wenu,
Mkazi wa Isiolo, mwenye kitambulisho