Shangazi wa Theluji: Mume wangu anatinga uwanja wa ndege na mabuti ya skii

Wiki hii barua za mapenzi nimezisukuma pembeni. Wapenzi watavumilia. Msimu wa theluji haumngoji mtu, na meza yangu imejaa vilio vya mabuti.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, tunaishi Manchester. Tangu wenzake wa kazini wampeleke Morzine kuteleza, hashikiki. Kila Februari tunapanda ndege kwenda Geneva, na ili asilipie mzigo anavaa mabuti ya skii tangu nyumbani. Kwenye teksi, kwenye foleni, kwenye duka la manukato, ni ko, ko, ko. Watoto wanajifanya hawamjui. Nimkanye vipi bila kumvunjia heshima?*
*Mke wa Ko-ko-ko*

Marahaba, mwanangu. Niruhusu kwanza nimtetee huyo baba. Amekosea namna tu, shabaha yake ni sahihi. Skii zikipotea njiani, Morzine kuna maduka ya kukodisha hadi uchoke. Fimbo na helmeti, hivyo hivyo. Lakini buti ambalo fundi amelipasha moto likafuata kifundo na vidole vya mumeo halikodishwi popote. Likikabidhiwa kaunta kisha likaenda Lisbon, yeye atashinda wiki nzima ndani ya mabuti ya watu, na wewe utashinda wiki nzima ukimsikiliza. Kwa hiyo mabuti yapande naye kabini. Yapande yakiwa kwenye begi.

Mwambie hivi, kwa upole, wakati amekwisha kula. Ncha ya mbele ya soli na kisigino ndipo kishikizo cha skii kinapong'ata. Akizilainisha kwa vigae vya uwanja wa ndege na lami ya Manchester, buti halitakaa sawa, na siku ya kuanguka skii inaweza kugoma kuuachia mguu. Hapo goti ndilo litakalolipia ule mzigo aliokwepa. Viko vifuniko vya mpira vya kuvisha soli kwa wanaotembea sana. Ni vya bei ndogo, mnunulie. Tena kwenye ukaguzi ataambiwa avue. Mabuti mengi yana bizimu nne na mkanda juu, mara miguu miwili, na nyuma yake watu mia wanaangalia saa.

Jozi moja ina uzito wa kilo nne hivi, na ndege nyingi zinapima begi la mkononi, kwa hiyo nafasi isipotee: soksi, glavu na miwani ya theluji viingie ndani ya mabuti. Koti avae mwilini. Akiwa na soksi za umeme, betri zake za akiba za lithiamu lazima ziwe kabini, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Fimbo kinyume chake: zikae chini, kabini hazitapita.

Mkifika, mabuti yasilale kwenye gari. Plastiki ikipigwa na baridi usiku kucha inakuwa ngumu kama shaba, na asubuhi utaitwa umsaidie kuvuta. Ayaingize ndani, achomoe lile buti laini la katikati likauke penye hewa, asilibandike juu ya kipasha joto. Kuhusu harufu sina la kukuambia. Uliolewa naye kwa hiari.

*Mambo Shangazi. Mimi ni kijana wa Eldoret, nafanya kazi Doha. Januari tunaenda Gudauri, Georgia, na wenzangu. Nimenunua mtandaoni mabuti yaliyotumika, bei ya kutupa, laini kama raba za kukimbilia. Wenzangu wanacheka. Lakini Philip Boit si alivaa ya aina hii?*
*Mwanariadha*

Poa, kijana. Alivaa, tena kumbukumbu yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba umenunua mchezo mwingine. Boit, mkimbiaji aliyebadilishwa kuwa mtelezaji, alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika skii za masafa, ambazo kisigino kinanyanyuka na kiatu kinapinda kama cha kukimbilia. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie, bingwa wa siku hiyo, alimngoja mstarini akamkumbatia. Ninyi Gudauri mnakwenda kupandishwa mlima kwa lifti za kamba na kushuka kasi. Huko buti ni la plastiki ngumu na kisigino kimefungwa. Mkenya wa kumtazama kwa aina hiyo ni Sabrina Simader, mzaliwa wa pwani aliyekulia Austria, aliyeshuka milima kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018.

Raba zako hazitaingia kwenye kishikizo hata ukizipaka mafuta. Mwuzie mtu anayekwenda Norway. Kodi Gudauri, na usinunue jozi mpya mpaka ujue kama mchezo wenyewe unaupenda. Kutoka Doha, Dubai si mbali, na ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates kuna mteremko wa theluji tangu mwaka 2005 ambapo mabuti na skii vimo kwenye tiketi. Kaanguke huko kwanza, bila mashahidi.

Ukienda kukodi usitaje namba ya viatu vya ofisini. Simama kisigino kikigusa ukuta, pima mguu kwa sentimita: 27 ni 27. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma. Na soksi ni jozi MOJA, nyembamba. Nawajua ninyi wa Ghuba, mtavaa tatu kwa hofu ya baridi. Damu itabanwa isipite, na miguu itaganda kuliko ya aliyevaa moja.

*Shangazi, nisitiri. Mchumba wangu ni Mwaustria na wazazi wake walinipeleka kuteleza karibu na Salzburg. Kwenye duka la kukodisha, kijana akaniuliza uzito mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Nikasema 62. Kweli ni 84. Akauliza kama nina uzoefu, nikasema najiweza sana. Siku nzima skii zilichomoka miguuni kwenye kila kona. Mama mkwe anasema labda nina tatizo la masikio. Ijumaa tunarudi.*
*Bibi Harusi Mtarajiwa*

Masikio yako mazima, mwanangu. Ulimi ndio una hitilafu.

Yule kijana hakuwa mmbea. Kishikizo kina skrubu na namba, na namba hiyo hutoka kwenye uzito, kimo, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti ulioandikwa kwa milimita ubavuni mwake. Ndiyo inayoamua ni nguvu kiasi gani ivute kabla skii haijauachia mguu. Ulipojipunguza kilo 22, alilegeza, kwa hiyo skii zikakukimbia. Ulipojifanya bingwa, akakaza kidogo. Sasa usije ukaniandikia kwamba uongo mmoja utafuta mwingine, maana hesabu haikukaa sawa, umeshaona. Na shukuru uliongopa upande huo. Anayejiongezea kilo ili aonekane shupavu hufungwa kwa nguvu, akianguka skii haiachii, na anarudi nyumbani kwa magongo.

Ijumaa tangulia dukani peke yako. Sema umesahau glavu. Mwandikie yule kijana namba ya kweli kwenye karatasi, na kwenye uzoefu andika: ninaanza. Hatashtuka, kazi yake ni kusikia uongo wa kilo kuanzia Desemba hadi Aprili. Mama mkwe akishangaa jinsi ulivyotulia mlimani, mwambie umemeza dawa ya masikio.

*Shikamoo Shangazi. Niko Zurich. Mama mkwe wa Dar amegundua kwamba begi langu la skii lina urefu wa mita mbili. Desemba hii nikienda anataka nimletee humo fimbo za mapazia ya sebule, niseme ni vifaa vya michezo.*
*Mchukuzi*

Marahaba. Yako mashirika ya ndege yanayopokea begi la skii kwa sharti kwamba ndani mna vifaa vya michezo tu, na mashine ya ukaguzi inajua pazia. Lakini mimi namwogopa zaidi afisa wa forodha wa Dar, Desemba, joto nyuzi 32, anapokuona unaburuta begi la skii. Atalifungua hata kwa udadisi. Lipia kama mzigo mrefu wa kawaida, uishi kwa amani. Na kabla hujanunua, mwambie mama apime dirisha. Naona hakukupa vipimo.