Gari Linatetemeka kwa Shangazi

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa kiungwana: haliumwi mjini. Likae foleni ya Ubungo saa nzima, limetulia kama bwana harusi. Lakini livuke Kibaha, mshale ufike 85, nikanyage mafuta nipite lori, hapo linaanza kutikisa kiuno kama limesikia mdundiko.

Sasa ugonjwa wa namna hiyo mpelekee fundi wa Dar. Anaingia, anazunguka mtaa kwa spidi 30, anakwepa mashimo mawili na bajaji tatu, anarudi. "Bosi, mbona gari zima?" Utamjibu nini? Dar hii, mtu wa mwisho kufika 90 mchana labda alikuwa kwenye msafara wa kiongozi.

Fundi matairi alisema balansi, tena bila kuinuka kwenye benchi. Akagongelea vipande vya risasi kwenye rimu, nikalipa. Wa pili, ambaye duka lake limejaa shokapu, akasema shokapu. Nikalipa. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema maunti za injini zimekufa. Huyo nilimlipa soda.

Jumamosi moja nikampakia shangazi yangu kwenda Morogoro kwa baba mkubwa. Shangazi hakai kwenye gari bila simu sikioni. Tulipoipita Chalinze, akampigia wifi yake amwambie abandike wali, na mimi papo hapo nikakanyaga mafuta kuipita semi.

"Wi-i-ifi-i-i," nikamsikia nyuma, "tu-u-uko nji-i-iani... wa-a-ali-i-i..."

Mbele kulikuwa na kijiji na kibao cha 50. Nikaachia mafuta, sauti ya shangazi ikanyooka kama rula: "Nasema bandikeni wali!" Ila mtandao ulikuwa umeshakatika. Tangu hapo, kila alipojaribu, simu haikushika.

Tulifika Morogoro tukakuta mlangoni viatu pea zisizopungua ishirini. Mkeka umetandikwa chini ya mwarobaini, wanaume wamekaa kimya, vijana wawili wanateremsha viti vya plastiki kwenye guta. Ndani wanawake wamejifunga kanga viunoni. Niliposhuka, jirani mmoja akarudi nyuma hatua mbili, na mama mkubwa akakata kilio katikati. Kumbe walishakubaliana kwamba aliyekufa ni mimi, kwa kuwa shangazi ndiye aliyepiga simu, na shangazi hajui kuendesha. Hesabu nzuri kabisa, sina cha kuwalaumu. Na wali walikuwa wamebandika, tena sufuria kubwa ya shughuli.

Niliporudi Dar nikamtafuta mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, Temeke, ambaye sifa yake ni kuuliza kwanza na kushika spana baadaye. Mwenyewe alikuwa anakunywa kahawa.

"Inatetemeka kwenye usukani au kwenye makalio?"

Swali lina maana yake: mtetemo ukiusikia kwenye usukani, unaanza kutazama magurudumu ya mbele; ukiusikia kwenye kiti, unatazama ya nyuma. Mimi nikamjibu kweli tupu: "Kwa shangazi."

Nikamsimulia yote. Hakucheka, jambo lililoniuma kidogo. Akaweka kikombe chini. "Ukiachia mafuta, shangazi anaacha?"

"Anaacha."

"Palepale?"

"Palepale, hata akiwa katikati ya neno."

"Basi hiyo si balansi," akasema. Tairi lisilo na balansi halijui mguu wako uko wapi. Likifika kwenye spidi yake litatikisika, ukanyage usikanyage. Na diski za breki zikipinda, utazisikia unapofunga breki. Lakini kinachokuja ukikanyaga na kuondoka ukiachia, kitafute kwenye vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mjini, akasema, mimi sikanyagi, nasukumwa tu na foleni.

Akaingia uvunguni, akatoka na kidole cheusi. Buti ya raba kwenye sivijointi ya ndani, upande wa kushoto, ilikuwa imechanika. Grisi ikaruka nje, mchanga ukahamia ndani, na sijui ulikuwa umeishi humo miezi mingapi. Alipoifungua nikaona kitu kama uji wa ulezi ulioungua. Akaufuta kwa kitambaa, akanionyesha kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu, na rola tatu zinazotakiwa kuteleza humo. "Pitisha ukucha." Nikapitisha, ukakwama kwenye kijishimo. Gari likibeba mzigo, rola zinanasa kwenye vijishimo hivyo, shafti inaanza kulisukuma gari kushoto na kulia. Ukiachia mafuta, mzigo unaondoka, rola zinapumua.

Nikanunua nyingine Gerezani. Ikafungwa, nikalipa mara ya tatu, safari hii bila kinyongo. Mzee akakataa kunikabidhi gari bila majaribio. "Lete kile kipimo," akasema.

Kipimo kikadai vocha ya elfu tano na chai ya asubuhi. Tukatoka alfajiri watatu, mzee mbele, shangazi nyuma na simu yake. Tulipoiacha Kibaha na kufika mahali peupe, mzee akainua mkono: "Piga." Shangazi akapiga Morogoro. "Kanyaga." Nikakanyaga: 80, 90, 100.

"Wifi, hujambo. Ni mimi. Hakuna aliyekufa."

Neno halikuyumba hata moja. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akajilaza kwenye kiti. Lakini nyuma shangazi alikuwa amenyamaza, anasikiliza, uso umemkunjamana. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Wifi anauliza mbona leo naongea kikavu hivi," akaninong'oneza, "kama nina hasira nao."