Jinsi ya Kupiga Picha Gogo Likaonekana Lina Huzuni

Kwanza tafuta gogo. Huna haja ya nauli ya kwenda Point Lobos, California, ambako Edward Weston alipiga picha mizizi na mawe mpaka zile zake za mwisho za mwaka 1948. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Bahari imekuwa ikiula ufuko ule kwa miaka mingi, na mvinje ukishakosa mchanga mizizini, hauna ujanja. Chini ya picha utaandika "Mapambano ya Mti na Bahari". Habari ya mchanga uliochimbwa katika mito ya Tegeta na Mbezi kabla haujafika pwani, ukaishia kwenye matofali, iache. Hayo ni mambo ya diwani. Wewe msanii.

Damka. Jua letu mara nyingi huchomoza saa kumi na mbili na dakika kadhaa, na halibembelezi mtu. Picha isiyo na rangi huishi kwa kivuli. Mwanga ukiwa wa ubavuni, kila ufa wa gogo unaonekana. Ikifika saa sita mchana kivuli kimekwisha, na gogo limerudi kuwa kuni. Lenga pia maji yakianza kupwa, mchanga ukiwa umelowa na haujakanyagwa, maana alama ya ndala ikionekana, falsafa yote imeharibika.

Sasa funga kamera kwenye miguu mitatu, uweke ile filta nyeusi ya kupunguza mwanga karibu mara 1,000. Picha ambayo ingechukua sehemu ya 30 ya sekunde sasa itachukua kama nusu dakika, na mawimbi yatageuka ukungu. Lakini faida yake kubwa hawaisemi madukani: inafuta watu. Mvuvi anayepita na kasia begani, watoto wanaokimbizana, mama mwenye ndoo ya dagaa, wote wakiwa hawajasimama hawaachi hata alama. Utapata ufuko mtupu kabisa mahali ambapo umesalimiwa na nusu ya kijiji.

Mmoja tu atakushinda: yule atakayesimama mbele ya lenzi, mikono nyuma, akuulize, "Kaka, unapiga picha hilo gogo?" Huyo atatokea kama mzuka. Mjibu kwa adabu, kisha uanze upya.

Likague gogo lenyewe. Upande mmoja utakuta matundu ya wadudu wa baharini na mbao iliyopauka kwa chumvi, vizuri sana. Upande wa pili, mara nyingi, kuna pigo bichi la shoka, jeupe, na vibanzi bado viko mchangani. Hapo pana mwenyewe. Mkaanga samaki ameshalianza na atarudi na mkokoteni. Usihamaki, zungusha kamera pigo lisionekane, tena uongeze mwendo.

Nyumbani, usitegemee kamera ikutolee nyeusi na nyeupe. Hifadhi faili ghafi yenye rangi, kisha kwenye kompyuta shusha buluu mpaka anga liwe jeusi, kazi ambayo enzi za filamu ilifanywa na filta nyekundu. Mawingu yatatisha, japo asubuhi ile palikuwa shwari na redio ilikuwa inapiga taarabu. Kisha ipe jina. "Upweke" limeshachukuliwa na wengi, kwa hiyo andika "Upweke Nambari 4". Wateja watadhani tatu za kwanza zilishanunuliwa.

Mwenye gogo akirudi kabla hujamaliza, weka kamera chini, shika upande wa mizizi, msaidie kupakia. Bamvua hufuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, kwa hiyo magogo mengine yataletwa. Ila wahi, maana mwenzio huamka mapema kuliko wewe, na ana changu wa kukaanga.