Cheti cha Bodaboda

Tuwapongeze wataalamu wetu wa ajira. Kenya ilituletea Kazi kwa Vijana mwaka 2009, Kazi Mtaani 2020, kisha Hazina ya Hustler 2022. Uganda nayo haikukubali kupitwa: Emyooga mwaka 2019, halafu 2022 shilingi milioni 100 zikaahidiwa kila parishi. Kwa majina ya mipango, hatuna njaa.

Kilichoharibu mambo ni bodaboda. Ilianza Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli, bila kongamano, bila fulana, wala mheshimiwa wa kukata utepe. Utovu wa adabu ulioje, kujiajiri kabla sera haijaandikwa!

Heri mwaka 2024 Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Basi mtahini na aje. Atamkuta kijana anayegeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani huku amekamata usukani, anayebembeleza abiria kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda, na anayezijua njia za panya kuliko ofisa yeyote wa forodha. Kijana huyo atapewa cheti, kisha ashauriwe aende kutafuta kazi.

Na mtahini akitaka kuendelea hadi Tororo, foleni ya malori pale Malaba isimtie wasiwasi. Vijana wasio na ajira watamvusha chapuchapu. Tatizo ni moja tu: hawatoi risiti, na bila risiti posho ya safari hairudishwi.