Ni ya Jeshi au ya Sherehe?

Nina jirani ana geti. Nasema ana geti kwa sababu ukuta bado. Geti lenyewe ni la chuma, limechorwa simba wawili wanaotazamana, na kila usiku analifunga kwa kufuli mbili, halafu mbuzi wa mtaa wanapita pembeni kama kawaida. Huku kwetu Kivule tunamwita Jirani wa Geti. Ni mtu mwema. Ukifiwa atakuja na atalala matanga, gari likikwama kwenye tope atavua viatu asukume. Ana ugonjwa mmoja tu: Desemba ikianza kuchungulia mwisho wake, anakwenda Kariakoo, na anarudi na boksi.

Mwaka jana alirudi na maboksi mawili. Aliniita nikayaone, akilipapasa moja kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa.

"Shoti mia, jirani."

Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Kitu pekee nilichoweza kusoma ni mchoro wa mtu aliyeinamia moto, amepigwa mstari mwekundu kuanzia begani hadi miguuni. Nikamuuliza mchoro ule una maana gani. Akasema hiyo ni nembo ya kampuni.

Nikamuuliza bei. Laki na nusu kwa boksi. Sikusema kitu, ila moyoni nilifungua daftari. Huyu ndiye mtu ambaye hela ya taka, shilingi elfu mbili kwa mwezi, anadaiwa tangu Machi. Ya ulinzi shirikishi, tangu kabla ya Machi. Ukimgusia anakwambia hali ngumu, jirani, wewe mwenyewe unaona ukuta haujapanda. Hali yake ngumu ina tabia moja: ikiona utambi inalegea.

Kuna wakati nilidhani fataki mbaya kuliko zote ni ile ya redioni. Mnakumbuka, kwenye 2008 hivi na kuendelea, vipindi na matangazo yalikuwa yanamtaja Fataki, lile zee linalonyemelea wanafunzi. Wanaume wa makamo tuliona haya hata kuwasubiri watoto wetu wenyewe nje ya shule. Yule Fataki angalau alikuwa anatafuta giza. Huyu wa jirani yangu anatafuta watazamaji.

Kila mwisho wa mwaka polisi wanatangaza: marufuku kuchoma matairi barabarani, marufuku kupiga fataki bila kibali. Tangazo hilo huku kwetu tunalisikia vizuri sana. Tunatikisa vichwa, tunasema serikali imefanya jambo la maana, kisha tunalichukulia kuwa ni la watu wa Sinza.

Sasa niwaeleze ramani, maana kesi yote iko kwenye ramani. Kutoka geti la simba hadi banda la kuku la mke wangu ni hatua kumi na mbili. Nimezipima mwenyewe, baadaye. Katikati pana kona, na kwenye kona pana meza ya kijana anayewauzia bodaboda petroli kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, zimepangwa kama juisi. Nyuma ya meza ni jiko letu la nje, na ndani ya jiko ni mtungi wa gesi. Juu ya vyote hivyo kuna kibanda cha muuza chapati kilichoezekwa makuti ambayo hayajaona mvua tangu Novemba. Na kama moto ungewaka, unapiga 114, zimamoto wanakuja, halafu wanafika wapi? Njia yetu sisi wenyewe tumeijengea vyoo. Gari lile lingeishia kwa fundi viatu, mita mia tatu kabla ya moto, na waokoaji wangeendelea kwa miguu kama wageni wa harusi.

Saa sita usiku ikafika. Madebe yakapigwa, watoto wakapiga kelele, Jirani wa Geti akatoka na kanzu nyeupe. Boksi akaliweka juu ya kreti tupu la soda, kreti akaliweka juu ya mchanga, akawasha utambi, akarudi nyuma kwa madaha.

Nikiri jambo moja. Shoti ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilipanda, ikanyamaza kidogo, ikafunguka kama mwavuli mwekundu juu ya Kivule nzima. Ya pili ikawa ya kijani. Kijana wangu wa kidato cha pili, vidole vimeziba masikio, akanipigia kelele: "Baba, nyekundu ni strontiamu! Kijani ni bariamu!" Nikajisikia ada yangu haijaenda bure. Nikaanza hata kutabasamu.

Shoti ya saba kreti likalala ubavu.

Hesabu ni nyepesi. Kila shoti inayopanda inakikandamiza kwa nguvu kile ilichokalia. Ukiiweka juu ya kreti tupu lililokaa kwenye mchanga laini, umeshaandika barua ya maafa, bado sahihi. Shoti saba zilikuwa zimekwenda mbinguni. Tisini na tatu zilizobaki zilikuwa zinatutazama sisi.

Kijana wa petroli alikimbia, akakumbuka chupa zake, akarudi, akazikumbatia zote kifuani, akakimbia tena. Sijawahi kuona mtu amebeba kifo chake kwa upendo vile. Shoti moja iliingia kwenye makuti ya chapati, na mama chapati akaizima kwa beseni la unga uliokwisha kukandwa. Nyingine ilipita chini ya geti, maana geti lile halizuii chochote, ikazunguka uani kwetu kama nyuki aliyepotea njia, ikafia kwenye ndoo ya vyombo.

Mimi niliingia ndani kwa kasi, nimevaa bukta. Na kwenye korido, gizani, nikagongana na mama mkwe.

Waliooa wananielewa. Mama mkwe wangu ni mtu ambaye nikitaka kumpisha njia natoka nje ya nyumba. Kwa miaka kumi na saba hajawahi kuniona bila shati. Usiku ule tulikuwa uso kwa uso, mimi na bukta, yeye na kanga moja kifuani na nyingine kichwani, mkononi ameshika begi dogo jeusi. Wala hakuona bukta. Alinishika mkono akaniuliza swali moja tu:

"Baba, ni ya jeshi au ya sherehe?"

Hapo ndipo kicheko changu kilipokauka. Mama mkwe alikuwa akiishi Gongo la Mboto usiku wa 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Miaka miwili nyuma yake, 29 Aprili 2009, ilikuwa zamu ya Mbagala. Kila safari walikufa watu zaidi ya ishirini, na mabomu ya Gongo la Mboto yaliruka yakaangukia nyumba za watu waliokuwa mbali kabisa na kambi. Usiku ule naye alitoka na kanga moja, akatembea na umati hadi Buguruni bila kujua wanawe wako wapi. Maelfu wengine walikwenda kulala Uwanja wa Uhuru. Tangu hapo lile begi jeusi linakaa nyuma ya mlango wake: kitambulisho, dawa za presha, kanga ya akiba, tochi. Sisi tukisikia mlio tunatazama juu. Yeye anatazama begi.

Nikamwambia, ni ya sherehe, mama. Akaniuliza, sherehe ya nani? Nikashindwa kujibu.

Nje kukawa kimya. Kimya kile ndicho kibaya kuliko makelele, kwa sababu ndicho kinachomwita mwenye fataki aende akaangalie. Jirani wa Geti akalisogelea boksi, akainama juu yake, akachungulia. Alikuwa amesimama hasa kama yule mtu wa kwenye nembo ya kampuni. Shoti ya mwisho, iliyokuwa inasitasita ndani, ikaamua. Ingemchukua jicho. Ilichukua nyusi zote mbili na ngozi ya kiganja.

Wakaja madaktari wa mtaa. Wa kwanza alikuwa na dawa ya meno, wa pili ana yai, wa tatu ana asali. Kijana wangu akapaza sauti kwamba jeraha la moto linataka maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini, basi. Maji yanayotiririka Kivule saa sita usiku! Tukayatiririsha kwa kopo, ndoo baada ya ndoo, simu ikihesabu dakika, mgonjwa ameshapakwa dawa ya meno hadi kiwikoni, ananukia kama mtoto anayekwenda shule. Ndipo kikapelekwa kituo cha afya, kile kiganja, na mwenyewe akifuata nyuma.

Asubuhi mke wangu alifungua banda. Kuku wa kisasa hawajui sikukuu. Wakishtuka usiku hawatawanyiki, wanakimbilia kona moja, wanapandana, na wa chini wanakosa hewa. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa, hawana hata jeraha, wamelaliana kama mito. Walikuwa wameshafika uzito, wateja wameshapatikana. Sasa ni kibudu, hawaliwi.

Tukaenda kwa mjumbe. Jirani wa Geti alikuja na kiganja kimefungwa bandeji na uso usio na nyusi, kwa hiyo kila alichosema kilionekana kama kinamshangaza yeye mwenyewe. Utetezi wake ulikuwa mmoja: "Mjumbe, fataki haijamgusa kuku hata mmoja." Alipoona haijasaidia, akanigeukia. "Na wewe jirani, hebu waoneshe hicho kidole."

Nilikuwa nimemsimulia siku moja, kwa ujinga wangu. Nina kovu kwenye kidole cha shahada. Utotoni tulikuwa tunachukua ile nati ya spoku ya baiskeli, tunakwangulia ndani yake vichwa vya njiti za kiberiti, tunachomeka msumari, tunapiga ukutani. Paa! Tuliita baruti. Siku yangu nati ilipasuka. Mama aliponiuliza kiberiti kizima kimekwenda wapi, nilijibu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nilikuwa nimeuficha.

Mjumbe akalitazama kovu, akaitazama bandeji, akasema anaona hapa mbele yake wakosaji wawili waliopishana miaka thelathini. Akahukumu kuku kumi na mmoja kwa elfu saba saba, na boksi la pili litolewe ndani. Hapo ndipo tulipogundua lilikuwa limelala uvunguni mwa kitanda cha watoto, jirani na kidumu cha mafuta ya taa. Nilimsimulia mjumbe kuhusu Enschede, kule Uholanzi: 13 Mei 2000 ghala la fataki lililokuwa katikati ya nyumba za watu lililipuka likaua watu 23. Na Kampala usiku wa kuingia 2023, ambako watu walisukumana kwenye njia nyembamba ya jengo la maduka kukimbilia kutazama fataki, wakafa wasiopungua tisa. Wale wa Kampala hawakuunguzwa na cheche hata moja. Waliuawa na njia. Mjumbe alisikiliza kwa makini, akaguna. Nikakumbuka kwamba saa sita usiku ile nilimwona akipiga makofi.

Jirani alilipa. Akaja pia na sinia la pilau kumwomba radhi mama mkwe. Mama akapokea, akamkalisha, akamtazama zile nyusi zisizokuwepo kwa huruma.

"Mwanangu, mimi sikukatazi kufurahi. Mwakani ukitaka kupiga, nitumie ujumbe kwanza."

Akaapa. Na kwa kweli ni muungwana, kwa sababu Februari hii, siku ya sendofu ya mdogo wake, saa kumi na moja jioni simu ya mama ililia. "Shikamoo mama. Leo saa tatu usiku tutapiga fataki chache, tutakwenda kupigia uwanja wa mpira. Ni za sherehe." Mama akavaa miwani, akausoma mara mbili, akashukuru Mungu, akaingia chumbani.

Saa mbili na nusu hatukumwona. Nyuma ya mlango, begi halipo.

Tulimkuta kituo cha daladala, ameketi wima kwenye benchi, begi mapajani. Hakuwa peke yake. Mama chapati alikuwepo na watoto wawili. Kijana wa petroli alikuwepo na chupa zake kwenye kreti. Mke wangu, niliyedhani yuko jikoni, alikuwa ameshafika zamani na tenga la kuku ishirini wa mwisho. Na pembeni kidogo, akijifanya anasubiri gari la Gongo la Mboto, alikuwepo mjumbe. Wote walikuwa wametumiwa ujumbe.

Saa tatu kamili ikapanda ya kwanza, kule juu ya uwanja, mbali. Mwanga ulitangulia, mlio ukaja nyuma yake umechoka. Ikafunguka nyekundu, ikafuatia kijani. Kuku hawakugutuka.

Mama mkwe alizitazama zote hadi ya mwisho.

"Kumbe ni nzuri," akasema, akilegeza mkono kwenye begi. "Zikiwa kule."