Pesti ya Julai na Hukumu ya Novemba

Pesti ya prosesa ni mchanganyiko mzito wa kijivu au mweupe, aghalabu wa mafuta ya silikoni na chembe laini za oksidi ya zinki au ya alumini, ambao hupakwa kati ya prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na hitisinki, yaani pande la alumini au shaba lenye mapezi membamba linalofyonza joto la prosesa ili feni ilipeperushe nje. Watu wengi huiona kwa mara ya kwanza siku kompyuta inapofunguliwa ili ipulizwe vumbi, nao huiheshimu kupita stahili yake, wakiamini kwamba ndiyo inayopoza. Kwa kweli pesti haipozi chochote. Shaba hupitisha joto kwa kiasi cha wati 400 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti, pesti nyingi za madukani hazifiki 10, na hewa iliyotulia haifiki hata 0.03, kwa hiyo pesti ni mpitishaji dhaifu aliyepewa ajira kwa sababu tu mwombaji mwingine wa nafasi hiyo alikuwa hewa.

Nafasi yenyewe ni ndogo mno. Uso wa prosesa na uso wa hitisinki, hata uking'aa kiasi cha mtu kujitazama, una mabonde na vilima visivyoonekana kwa macho, na kazi ya pesti ni kujaza mabonde hayo na kuitoa hewa, si kutandazwa kama siagi juu ya mkate. Hitisinki inapong'olewa, pesti huchanika, nusu ikabaki juu na nusu chini, kila upande ukiwa na matuta yake mapya; na inaporudishwa bila kusafishwa, matuta hayo hukutana kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga, yakifungia katikati yake hewa ileile iliyokuwa imefukuzwa. Aidha, pesti ya siku nyingi huwa imekwisha kupoteza mafuta yake, kwa kuwa chuma hutanuka kompyuta inapofanya kazi na kunywea inapozimwa, na kila mara mafuta kidogo husukumwa kuelekea pembezoni. Kinachobaki katikati, mahali penye joto kuliko pote, ni unga uliojibandika.

Hayo ni kweli mahali popote, lakini Dodoma huyapa nafasi ya kujidhihirisha mara kwa mara. Uwanda wa kati hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na muda uliosalia upepo hulihamisha vumbi jekundu kutoka viwanjani hadi ndani ya feni. Mji wenyewe uko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni iliyotoka huko pamoja na wizara yake, serikali ilipohamia Dodoma baada ya 2016, huzunguka kwa bidii ileile na kubeba joto pungufu kidogo kuliko ilivyozoea. Jambo hilo, kwa kadiri inavyojulikana, halikuzingatiwa katika posho yoyote ya uhamisho. Matokeo yake ni kwamba kompyuta za Dodoma hufunguliwa mara nyingi, na kila inapofunguliwa huzuka mazungumzo ambayo maneno yake hayabadiliki sana. Fundi husema, "Mzee, pesti hii imekauka." Mwenye mali huinama, huigusa kwa kidole, hukiona kidole kimechafuka, na kutoa uamuzi: "Mbona bado ipo, kijana wangu? Irudishie hiyohiyo."

Haifai kumcheka mzee huyo haraka, kwa sababu hoja yake ina msingi: kitu kinachochafua kidole hakijakwisha. Tena pesti iliyopakwa jana tu, ikiwa bado laini, huweza kurudishiwa na kompyuta ikaendelea kufanya kazi kwa nyuzi chache tu za ziada. Wa kulaumiwa zaidi ni yule anayechukua njia ya kati, anayeibakiza ya zamani na kuongeza mpya juu yake ili asionekane mbahili wala mbadhirifu, kwa kuwa huyo hupata unene wa pesti mbili na ufanisi ulio chini ya moja.

Kinachowavuruga wote ni kalenda. Asubuhi ya Julai Dodoma huweza kuwa na nyuzi 15, karani amevaa sweta na shuka begani, na kompyuta iliyorudishiwa pesti ya zamani huwaka vizuri, fundi akasifiwa na mzee akajiona mchumi. Ifikapo Novemba, mchana hupita nyuzi 30, na kwa kuwa joto la prosesa huhesabiwa juu ya joto la chumba, zile nyuzi 15 zilizoongezeka chumbani huongezeka prosesani pia. Ikikaribia nyuzi 100 prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue, na jedwali la bajeti lililokuwa likifunguka papo hapo huanza kufunguka kwa awamu. Wakati huo hakuna anayeikumbuka Julai: hulaumiwa virusi, hulaumiwa umeme, na wakati mwingine jedwali lenyewe huambiwa ni kubwa mno.

Zamani si kila prosesa ilikuwa na subira hiyo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya hitisinki ikiondolewa huku mchezo wa kompyuta ukiendelea: Pentium 4 ilipunguza mwendo tu, na Athlon ya AMD ikafuka moshi. Tangu prosesa zote zijifunze kujihami, ubahili umepoteza adhabu yake ya papo hapo, na huenda ndiyo sababu umeshamiri. Wapo wanaopaka dawa ya meno badala ya pesti, ambayo hufanya kazi vizuri kwa muda mfupi, hadi maji yaliyomo yanapokauka na kuacha prosesa yenye harufu ya mnanaa na joto la tanuri.

Kusafisha hakuhitaji utaalamu mkubwa: alkoholi ya isopropili, au spiriti ya duka la dawa ikikosekana, kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kisha tone dogo la pesti mpya katikati. Uangalifu unahitajika kabla ya hapo, hasa katika kompyuta za AMD zenye soketi ya AM4, ambazo prosesa yake ina pini upande wa chini na hushikwa na soketi kwa ulegevu. Pesti iliyokauka huweza kuishika kwa nguvu zaidi. Fundi mzoefu huiwasha kompyuta kwanza ili pesti ilainike, akaizima, akaizungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Asiye na uzoefu huvuta, na prosesa hutoka pamoja na hitisinki, pini zikiwa zimelala kila upande, kisha zikaanza kunyooshwa moja moja kwa sindano ya kushonea chini ya tochi ya simu. Hapo ndipo mwenye mali huuliza, kwa mara ya kwanza, pesti mpya ni shilingi ngapi.