Daktari wa Cheni Awajibu Wasomaji wa Machakos

Barua iliyosumbua zaidi wiki hii imetoka Masii, kwa mzee mwenye baiskeli aina ya Black Mamba aliyorithi kwa babake. Cheni yake, asema, ina tabia mbili. Pedali ya kulia ikiwa juu, cheni inakaza hadi inalia. Pedali ikishuka, cheni inalegea na kugonga kava. Fundi wa kwanza aliikaza, wa pili akailegeza, wa tatu akamshauri aiuze baiskeli. Mzee anataka kujua kama huyu wa tatu tayari ana mnunuzi.

Daktari wa Cheni anaamini anaye, tena yuko tayari na pesa mkononi.

Lakini mzee asiuze. Kinachomsumbua ni kwamba gia kubwa ya mbele haizunguki sawasawa juu ya ekseli yake. Upande mmoja umetoka nje kidogo. Hitilafu ya milimita moja tu yatosha kuifanya cheni icheze zaidi ya sentimita katikati. Baiskeli za gia nyingi zina kifaa cha springi nyuma kinachomeza ulegevu huo. Black Mamba haina. Kila kasoro ya gia inaonekana wazi, na fundi mwenye haraka anaidhania cheni.

Kabla ya kushika spana, mzee aisimamishe baiskeli kwa stendi yake ya nyuma ili gurudumu lielee, atie alama ya chaki kwenye gia kubwa, kisha azungushe pedali polepole huku akiibonyeza cheni kwa kidole. Ikikaza kila mara chaki inapofika palepale, gia kubwa ndiyo yenye hatia. Mkazo ukihamahama, aichunguze friwili, yaani gia ndogo ya nyuma: gia ya meno 48 ikivuta friwili ya meno 18, friwili huzunguka mara mbili na theluthi mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, kwa hiyo kasoro yake haiwezi kungojea chaki. Na kama mkazo unarudi baada ya mizunguko miwili na kitu, atafute kiungo kilichoshika kutu.

Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, alieleza dawa nzuri kwa gia iliyofungwa kwa bolti: legeza bolti kidogo, izungushe hadi cheni ikaze kabisa, igonge cheni taratibu ili gia ijisogeze, kaza tena, rudia. Kwa bahati mbaya, kwenye Black Mamba nyingi gia imebanwa moja kwa moja kwenye mkono wa pedali tangu kiwandani. Hakuna bolti ya kulegeza. Linalobaki ni kupima pale cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo ipewe nafasi ya nusu inchi hivi, juu na chini. Upande wa pili italegea. Na ilegee, maadamu hairuki meno.

Kosa la fundi wa kwanza lilikuwa kukaza cheni mahali ilipolegea. Kelele zikaisha kwa muda, kisha gololi za ekseli zikaanza kulipa deni hilo katika kila mzunguko. Daktari amewaona wengi wanaoona aibu baiskeli ikipiga kelele sokoni, lakini hawaoni aibu kununua gololi kila mwezi.

Katika barua nyingine, kijana wa Wamunyu asema anabeba mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji. Cheni sawa asubuhi, hoi jioni, na tairi inasugua fremu upande wa kushoto. Hapo nati ya kulia haijakaza. Akikanyaga kwa nguvu kupanda mlima, cheni inavuta ekseli mbele upande huo na gurudumu linakaa mshazari. Alinyooshe gurudumu, akaze nati zote mbili, kisha apande mzigo.

Mwalimu wa Kathiani analalamika kwamba mumewe hukaza cheni kila Jumamosi. Mwalimu achukue rula. Viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, pini hadi pini. Vikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imekwisha. Vikizidi kwa 1/8, huenda imeshakula na meno ya gia, na Jumamosi ijayo mume apelekwe dukani.

Wa mwisho anaapa kwamba pale Kyamwilu, ambako magari huonekana kujiendesha kupanda mlima, baiskeli yake hupanda bila yeye kukanyaga, na cheni hulegea yenyewe. Daktari anajibu kwa heshima kwamba barabara ile inateremka. Macho ndiyo yanaiona inapanda. Cheni imelegea kwa sababu mwenyewe hakanyagi. Aipime akifika mjini, baiskeli ikiwa kwenye stendi, na asimwambie fundi alikotoka.